Glavu Iliyobaki Nyuma ya Besi ya Kwanza

Mwalimu Adoyo,

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tukuzike. Mhariri wangu anataka ukurasa mzima juu yako kwa toleo la Jumamosi, nao umekamilika isipokuwa aya nne. Binti yako Akinyi amenipigia simu mara mbili akiniomba aya hizo niziondoe. Ni zile za glavu. Kabla sijaamua nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana katika miaka yote niliyokufahamu hukuwahi kusoma habari yako gazetini bila kunirudia na kalamu nyekundu.

Nikupe kwanza habari za mazishi, kama ambavyo ungetaka, bila chumvi. Watu walijaa boma lenu mpaka barabarani. Wasemaji walikuwa kumi na mmoja, na saba kati yao walisema hukuwahi kukosea uwanjani. Mmoja wa hao saba ni yule mwalimu mkuu mstaafu aliyekuita kipofu mwenye cheo mbele ya shule nzima, siku ulipokataa kuhesabu pointi ya timu yake. Sikuliandika hilo. Watu wana haki ya kubadilika mbele ya jeneza. Barakoa ya waya uliyovaa ukiamua mechi iliwekwa juu ya sanduku, na mchungaji, ambaye nadhani hakuwahi kuona mechi ya softiboli, mchezo wetu wa gongo na glavu, maishani mwake, aliiita kofia ya nyuki. Wachezaji wako wa zamani walicheka. Nawe ungecheka.

Tatizo langu lilianzia hapo hapo kwenye hema. Hukuwahi kukosea, wakasema, na watu wakaitikia. Mimi nilikuwa na daftari magotini na nilijua kwamba uliwahi kukosea mara moja, kosa kubwa, na kwamba kosa hilo ndilo sababu ya mimi kukuheshimu kuliko mtu mwingine yeyote niliyepata kumwandika.

Siku ya kwanza kukuona ilikuwa Awendo, kwenye uwanja ule unaopakana na mashamba ya miwa. Timu zilikuwa zimejipanga, wageni wameketi, nawe ulikuwa unatembea peke yako katikati ya nyasi umeinamisha kichwa, hatua kwa hatua, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilidhani umepoteza kitu. Nikakufuata nikakuuliza. Ukasema bila kuinua kichwa, "Sijapoteza. Natafuta kilichopotezwa na wengine." Mkononi ulikuwa na makapi ya miwa, kipande cha waya na kijiko. Watazamaji wa Awendo hutafuna miwa na kutema walipo, na msichana anayekimbia akikanyaga makapi mabichi huteleza kama aliyekanyaga sabuni. Hilo sikulijua mpaka uliponieleza.

Walikuita Mama Fagio. Madereva wa malori ya miwa walikuwa wakisimama nje ya ua kwa ajili ya kukutania tu. "Mama Fagio, na kwangu uje ufagie." Nawe ulijibu, ukiendelea kutembea, "Nitakuja, omera, ndugu yangu, lakini nitaanza kwa kukutoa wewe." Wenzake walimcheka mpaka akawasha lori akaondoka.

Nilikuuliza siku hiyo kama ni kazi ya mwamuzi kuokota takataka. Nilidhani kazi yako ni kusema nani ametoka na nani amefika. Ukaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu hapo: "Kitabu cha sheria kinaiambia timu iondoe vitu vyake uwanjani. Kikishaiambia timu, kinanigeukia mimi kinaniambia nihakikishe. Mimi nikisema chezeni, nimesema pia kwamba hapa ni salama. Yote mawili kwa neno moja."

Wasomaji wetu wa leo hawatajua jinsi mambo yalivyokuwa, kwa hiyo kwenye ukurasa nimeeleza, na nilieleza kama ulivyonieleza. Shule zetu hazikuwa na glavu za kutosha. Timu mbili zilicheza kwa glavu za timu moja. Zamu ilipokwisha, wasichana waliokuwa wakidaka walizilaza glavu zao kwenye nyasi pale pale waliposimama, wakatoka kwenda kupiga, na wapinzani wao walioingia kudaka wakaziokota wakazivaa. Aliyetoka besi ya pili alimwachia wa besi ya pili. Mgeni mmoja kutoka Nairobi aliiona desturi hiyo akashika kichwa, lakini kwetu ilikuwa adabu. Hukuondoka na glavu. Ukiondoka nayo, mwenzako angedaka kwa kiganja kitupu.

Kisha akaja Boke. Msichana mrefu wa Kikuria kutoka Isebania, anasoma upande wa Migori, wakati huo kidato cha tatu, mashoto. Wengine wote walivaa glavu mkono wa kushoto na kurusha kwa wa kulia. Boke alirusha kwa kushoto, basi glavu yake ilikuwa ya mkono wa kulia, moja tu katika kaunti mbili, ya manjano, iliyopatikana chini kabisa ya sanduku la msaada. Hakuna mwingine aliyeweza kuivaa. Lakini Boke alifundishwa adabu kama wenzake. Zamu ilipokwisha aliilaza nyuma ya besi ya kwanza, mahali pake, akatoka. Mpinzani aliingia na glavu nyingine, na ile ya manjano ikabaki kwenye nyasi, haina mwenyewe.

Misimu miwili wewe ndiye uliyeiondoa. Nilikuona. Kila zamu ilipobadilika ulitembea mpaka pale, ukaiokota, ukaiweka nje ya mstari, ukarudi nyuma ya mdakaji. Hakuna aliyekuamuru wala aliyekushukuru. Ulikuwa umemwambia kocha wake mara nyingi amwelekeze mtoto aende nayo, naye alikuwa akisema ndiyo Mwalimu, kisha anasahau. Ukaacha kusema ukawa unaokota tu.

Fainali ya mashindano ya shule ilikuwa kati ya shule ya Boke na shule moja ya Kosele. Alasiri, mawingu yalikuwa yanatoka upande wa ziwa, meusi kweli, na kila mtu alitaka mechi iishe kabla ya mvua. Zamu ilipobadilika, msimamizi wa mashindano alikuita kando. Mlitazama juu, mkatazama saa. Uliporudi ulikuwa unatembea haraka kuliko kawaida yako. Ulivaa barakoa, ukatazama uwanja, ukasema, "Chezeni."

Mpira wa pili ulipigwa juu sana, ukaenda nyuma ya besi ya kwanza. Aliyekuwa besi ya kwanza kwa upande wa Kosele ni Awuor. Alirudi kinyumenyume, macho juu, mkono juu, kama mnavyowafundisha. Kisigino chake kilikanyaga glavu ya manjano. Goti lilikwenda upande ambao goti haliendi.

Nimeripoti ajali za barabarani na mafuriko. Sauti ya Awuor bado naikumbuka.

Walimbeba kwa benchi la wageni. Kocha wa Kosele alimnyooshea Boke kidole mbele ya watu wote. "Huyo mashoto ameweka mtego. Alijua mtu wetu atarudi pale." Watu wa upande wake wakalipokea neno hilo, mtego, mtego, likazunguka uwanja. Boke alikuwa ameketi chini karibu na mstari wa kupigia, mikono juu ya kichwa. Mvua ikanyesha, mechi ikavunjika, na neno lile likaenda na watu mpaka sokoni. Ilipofika asubuhi, nilisikia wauza samaki wakilijadili kana kwamba walikuwepo.

Kamati ya mashindano ingekaa Jumatatu. Kocha wa Kosele alitaka Boke afungiwe. Boke alikuwa tayari amechaguliwa kwenye timu ya kanda, na nafasi hiyo ingeondoka, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba angemaliza shule akiitwa msichana aliyemvunja mwenzake kwa makusudi, na huku kwetu jina la namna hiyo humfuata mtu mpaka kwenye ndoa.

Jumapili baada ya ibada ulikuja ofisini kwangu mjini Migori, ulikuwa bado na nguo za kanisani. Ulipanda ngazi za pembeni mwa duka la vitambaa la mzee Abdi, naye akakuuliza kama umekuja kununua au kutoa hukumu. Ulimjibu kwamba leo umekuja kuhukumiwa. Alicheka. Hakujua.

Ulisema, "Wewe mtu wa gazeti, ulipiga picha ya mawingu. Niione."

Nikaifungua kwenye kompyuta. Mawingu, paa la darasa, wachezaji wa Kosele wakiwa mahali pao, wewe nyuma ya mdakaji barakoa ikiwa bado mkononi. Ulisogeza kichwa mpaka karibu na kioo. "Ile pale," ukasema. Nyuma ya besi ya kwanza, doa la manjano. Kisha ukaweka kidole kwenye sura yako mwenyewe. "Na mimi huyu. Nimeielekea."

Nilikuambia ukweli kama nilivyouona wakati huo: bila picha hii hakuna anayeweza kusema uliiona. Ukanitazama kama unavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali lisiloulizwa. "Bila picha hii watasema mtoto aliirusha pale baada ya mchezo kuanza. Kwa picha hii hawatasema. Nichapie mbili."

Nilijua unachopoteza. Ulikuwa umeteuliwa kwenda kuamua mechi za shule nje ya nchi, kwa mara ya kwanza. Ulikwenda Kisumu mara tatu kwa ajili ya pasipoti. Ulikuwa umeninunulia soda kusherehekea, na wewe si mtu wa kununulia watu soda. Nikachapa mbili.

Halafu uliniuliza, ukiwa tayari mlangoni, "Ulipoipiga, uliiona glavu?"

Nikasema, "Niliona mawingu."

Hukuuliza mara ya pili.

Kwenye kamati nilikaa nyuma, karibu na baba yake Boke, aliyekuja kutoka Isebania na koti lake la kanisani na kofia mkononi. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, alitaka kukusaidia. Alisema kitabu kinasema vifaa ni jukumu la timu. Alisema desturi ya kuacha glavu ni ya wote. Alisema andika, Mwalimu, kwamba mvua ilikuharakisha, tulimalize. Ulisimama. Nimeandika maneno yako siku hiyo na daftari ninalo hapa: "Mvua haikusema chezeni. Mimi ndiye niliyesema. Glavu hii nimeiondoa misimu miwili, kwa hiyo nilijua ipo. Mtoto aliiacha kwa adabu mliyomfundisha. Uwanja ulikuwa wangu, na haukuwa tayari."

Ukaweka picha mezani, na karatasi yenye mistari mitano, na saini yako. Kocha wa Kosele aliichukua picha akaitazama kwa muda mrefu. Akairudisha mezani taratibu, akamgeukia Boke akasema, "Samahani, nyathina, mwanangu."

Nimeketi mbele ya magavana, mahakimu, wakubwa wa polisi, tume za uchunguzi. Kazi yangu ni kusikiliza watu wakieleza kwa nini si wao. Nimezisikia namna zote: fundi alikosea, karatasi ilipotea, nilikuwa safarini. Sijawahi, kabla ya siku hiyo wala baada yake, kumwona mtu akiutafuta ushahidi dhidi yake mwenyewe, akaupandia ngazi, akaomba nakala mbili.

Boke hakufungiwa. Jina lako likaondolewa kwenye safari, kimya kimya, kwa barua fupi. Hukulalamika, wala hukuitwa tena. Uliendelea kuamua mechi za hapa kwetu miaka tisa mingine, ukitembea uwanja umeinamisha kichwa.

Naendelea na barua hii siku mbili baadaye.

Jana nilikwenda Homa Bay kuonana na Akinyi, kwa sababu jambo la namna hii halisemwi kwa simu. Yuko kazini hospitalini, alinipokea wakati wa chakula cha mchana, tukaketi kwenye benchi nje ya jikoni. Amefanana nawe anapokasirika. Aliniambia, "Mzee, mama alitukanwa vya kutosha. Nikiwa sekondari walikuwa wananiimbia, mama yake alivunja mtu goti. Leo kila mtu amesema maneno mazuri. Mbona wewe unataka kumrudisha pale?"

Nikamuuliza uliwahi kumweleza nini. Akasema ulimwambia safari imefutwa, basi. Ulifungua sanduku la nguo, ukazirudisha kabatini, ukapika. Hakujua kuhusu kamati. Hakujua kuhusu picha. Miaka yote hii alidhani ulishikwa na kosa, ukaadhibiwa. Hakujua kwamba ni wewe uliyelipeleka.

Nikampa aya nne azisome. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama wewe. Alipofika kwenye maneno ya mvua alisimama, akatembea mpaka kwenye bomba, akanawa uso, akarudi akaanza upya. Nilimsubiri. Hilo nalo ni sehemu ya kazi yangu.

Alipomaliza hakuniambia nizitoe wala niziache. Aliuliza swali. "Hii picha. Wewe ulikuwa umeketi wapi?"

"Upande wa besi ya kwanza. Kamera shingoni."

"Kwa hiyo ulikuwa karibu kuliko yeye."

"Ndiyo."

"Uliiona?"

Mwalimu, swali lile lile uliloniuliza mlangoni. Sikuwahi kumjibu mtu yeyote kwa ukweli, wala mke wangu. Nikamwambia niliiona. Niliiona kabla ya kuinua kamera. Niliona jinsi rangi ya manjano ilivyokaa kwenye nyasi chini ya mawingu yale, nikafurahi, kwa sababu ingeipendezesha picha. Nikawaza kwamba mwamuzi ataiondoa, ni kazi yake. Nilikuwa na sekunde labda ishirini na mdomo mzima. Nikabonyeza, nawe ukavaa barakoa ukasema chezeni.

Akinyi hakunikaripia. Ningependelea angenikaripia. Alikunja karatasi akanirudishia, akasema, "Basi ukiandika la mama, andika na lako. Lisibaki lake peke yake."

Kengele ya zamu yake ikalia, akaondoka, lakini alirudi hatua mbili kuniambia Awuor alikuwa mazishini. Nilikuwa nimemwona bila kumtambua. Anatembea vizuri, anafundisha huko huko Kosele, goti humuuma msimu wa mvua tu. Alikaa na Boke, ambaye sasa ana duka la simu Isebania na watoto mapacha. Walikuwa wakigombania mwavuli mmoja, Akinyi akasema, na Boke akimwambia mwenzake asogee, amezoea kujifanya mgonjwa.

Kuhusu vifaa, habari njema: shule nyingi sasa zina glavu zao, na desturi ya kuziacha kwenye nyasi imekufa. Waamuzi vijana uliowafunza hawasemi chezeni mpaka wamezunguka. Wengine huzunguka kwa kuonekana tu, macho yakiwa kwa watazamaji. Ungewarudisha waanze tena.

Ukurasa nimeutuma leo saa tano asubuhi. Aya za glavu sasa ni tano. Ya tano ni yangu, ina mistari sita, na haina neno mawingu. Mhariri alinipigia akauliza kama nina hakika, kwa sababu wasomaji watanisema. Nikamwambia watakuwa na haki. Akauliza kama mistari hiyo naweza kuilainisha kidogo. Nikamwambia nimeona jinsi inavyofanywa, na hailainishwi.

Sitakudanganya kwamba nimekuwa mtu kama wewe. Umri umekwenda, na mazoea ya kukaa kando nikiandika yameniingia mifupani. Ninachokuahidi ni kidogo na kinapimika: nikiona kitu kimelala mahali ambapo mtu ataumia, nitasema kwa sauti kabla sijakipiga picha, hata kama si kazi yangu, hata kama watanicheka, hata kama picha ni nzuri.

Oriti, Mwalimu, kwaheri. Pumzika huko uliko.

Yule mtu wa gazeti